Mchezo ni wa kubuni, salamu si ya kubuni



Shukrani zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na swahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, Jumamosi moja baada ya swala ya Alasiri darsa letu la vijana hapa Kariakoo lilichelewa kufungwa. Somo la siku ile lilikuwa twahara. Lakini vijana wawili waliokaa nyuma walikuwa wakibishana kwa kunong'ona, mpaka ikabidi nifunge kitabu na kuwauliza kulikoni.

Wa kwanza ni msomaji mzuri wa Qur'an, mwenye sauti nzito inayosikika msikiti mzima bila kipaza sauti. Alikuwa ameitwa kufanyiwa majaribio ya kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia ya kigeni. Nafasi aliyopewa ni ya waziri mwovu, mtu wa njama na viapo vya uongo, ambaye katika sehemu moja anampa mkewe talaka. Wa pili ni msaidizi katika duka la vifaa vya simu. Mchana yupo dukani, usiku yupo ndani ya simu yake, akicheza ile michezo ya intaneti ambayo mtu huchagua mhusika, akampa jina na tabia, kisha akaishi naye kwa miezi pamoja na wachezaji wengine walioko nchi mbalimbali, huku wakizungumza kwa hedifoni.

"Ustadh," akasema huyu wa dukani, "mwambie mwenzangu kazi ile si halali. Atatamka uongo na talaka kwa mdomo uleule anaosomea Qur'an."

Mwenzake akamjibu: "Mimi nasoma nilichoandikiwa. Wewe mhusika wako ni mwizi, na umemchagua mwenyewe. Nani alikulazimisha?"

"Mimi sitamki kitu, nabonyeza tu. Na wala hakuna anayeibiwa. Ni picha zile."

Darsa zima likacheka, kisha likagawanyika pande mbili. Nikawaomba wanipe wiki moja. Mimi si mufti, ni mwalimu, na swali kama hili halifai kujibiwa kwa haraka ili watu wakawahi daladala. Haya ndiyo niliyowarudia nayo, pamoja na jambo moja ambalo siku ile sikulijua.

Si jambo geni kwetu

Kwanza tukiri kwamba kusema kwa mdomo wa mtu mwingine si jambo geni hapa mjini. Sisi tuliokulia Dar es Salaam miaka ya 2000 tunavikumbuka vibanda vya video. Filamu ilikuwa ya Kihindi, ya Kichina au ya Marekani, lakini tuliyemsikia alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Mtu mmoja alikuwa jambazi, polisi, mama mzazi na mchumba, wote kwa sauti yake, na kanda na CD za namna hiyo ziliuzwa hapahapa Kariakoo.

Baadaye kazi hiyo ikaingia katika studio kubwa. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou, na Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake hapa Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili nchini, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi. Tamthilia za Kituruki nazo zimesikika kwa Kiswahili kupitia Azam TV. Kwa hiyo kijana wetu hakuuliza jambo la kufikirika. Ameuliza kuhusu riziki.

Msomaji anapotamka maneno ya Firauni

Tuanze na mwenye sauti. Je, anayetamka maneno maovu ya mhusika huwa ameyasema yeye?

Ifungueni Suratun Naziat. Katika aya ya 24 Allah (S.W.) anatusimulia kauli ya Firauni alipowakusanya watu wake na kudai kuwa yeye ndiye mola wao mkubwa. Hakuna kauli ya kufuru kubwa kuliko hiyo. Lakini imamu anaposimama mbele yetu katika swala na kuisoma aya hiyo kwa sauti, je, amekufuru? La hasha! Anapata thawabu kwa kila herufi. Wanazuoni wetu wana kanuni mashuhuri kwamba mwenye kunukuu kufuru si kafiri. Neno ni la Firauni, ulimi ni wa msomaji, na kila mwenye akili anayesikiliza anaitambua tofauti hiyo.

Na talaka je? Tunajua hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kwamba mambo matatu, nikaha, talaka na rejea, ukweli wake ni ukweli na mzaha wake pia ni ukweli. Hadithi hiyo ni onyo kwa mume anayemtania mke wake mwenyewe. Ama anayesimulia talaka ya mtu mwingine, au mwalimu anayefundisha matamshi ya talaka darasani, mafakihi hawakusema kuwa mkewe ameachika. Lau ingekuwa hivyo, walimu wa fiq'hi wangekuwa wameachana na wake zao zamani sana.

Hata hivyo nisiwafiche kwamba wapo wanazuoni walioupinga uigizaji wote. Marehemu Sheikh Bakr Abu Zayd wa Saudi Arabia aliandika kitabu maalumu juu ya jambo hilo, na hoja yake mojawapo ni kwamba uigizaji ni uongo. Wengine, kama marehemu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, waliiona sinema kuwa ni chombo tu, na hukumu yake inafuata kinachobebwa ndani yake. Mimi moyo wangu unaelekea upande wa pili, lakini kwa mipaka.

Mpaka wa kwanza ni kudhalilisha watu. Bibi Aisha (r.a.) alimwigiza mtu mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akamkataza, akasema kuwa hapendi kumwigiza mtu hata kama angepewa mali kiasi gani. Wanazuoni wameeleza kuwa hapo kuna kumdunisha mwenzio, na hiyo ni sehemu ya kusengenya. Mpaka wa pili ni kuifanyia dini mzaha. Waliomkejeli Mtume (s.a.w.) katika safari ya Tabuk walijitetea kuwa walikuwa wakipiga soga na kucheza tu, na Suratut Tawba, aya ya 65 na 66, ikaukataa udhuru wao. Basi kazi inayompamba mwovu ili apendwe, au inayomfanya mtu wa dini kuwa kichekesho, Muislamu asiitolee sauti yake.

Anayesema na anayechagua

Sasa tumgeukie mcheza gemu. Yeye alijiona yupo salama kwa kuwa hatamki kitu. Lakini tupime vizuri. Mwenye sauti anatamka uovu ambao hakuuchagua, kwa sababu uliandikwa na mtu mwingine na mwisho wake haubadiliki. Mcheza gemu hatamki, ila anachagua. Mchezo unamuuliza: umwokoe mwanakijiji huyu au umpore? Utimize ahadi au uivunje? Mwenye kitabu cha hadithi hana uwezo huo, na mtazamaji wa filamu hana. Ni yeye peke yake mwenye kidole juu ya kitufe.

Je, kuchagua huko ni dhambi? Hapa lazima tuwe waadilifu. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba Allah ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zinajizungumzia maadamu hayajatendwa wala kusemwa. Na mchezo wenyewe si adui wa dini. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, miongoni mwao farasi mwenye mabawa, na Mtume (s.a.w.) akacheka. Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume, naye akamkinga mkewe ili atazame. Kwa hiyo anayempiga adui wa picha hajaua mtu, na anayechukua dhahabu ya mwanakijiji wa picha hajakatiwa mkono.

Lakini moyo unazoea unachorudia. Watunzi wa michezo hii wenyewe walilitambua hilo mapema. Mwaka 1985 mtunzi mmoja, Richard Garriott, alitoa mchezo uitwao Ultima IV, ambao lengo lake kuu si kumuua adui mkubwa bali ni kukamilisha tabia njema nane, ukiwemo ukweli, huruma na haki. Ndani yake kuna wauza dawa za mitishamba ambao ni vipofu. Unachukua dawa, kisha wewe mwenyewe unasema umelipa kiasi gani. Ukimpunja, kipofu hajui, na mchezo haukupigii kelele. Unaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini uaminifu wako umekwisha kupunguzwa kimyakimya, na mbele ya safari utakuta kuwa hesabu ilikuwa ikiwekwa.

Ndugu zangu wafanyabiashara wa Kariakoo, je, habari hii hamuifahamu? Suratul Mutaffifin inaanza kwa kuwaapiza wale wanaotaka kipimo kamili wanapopokea, na wanapowapimia wengine wanapunja. Na Suratul Infitar, aya ya 10 mpaka ya 12, inatujuza kuwa juu yetu wapo waandishi watukufu wanaoyajua tunayoyatenda. Mtunzi wa mchezo amefikiria kuwa kipofu anahitaji daftari la kumlindia haki yake. Sisi tumeambiwa habari ya daftari hilo karne kumi na nne zilizopita, na bado mizani zetu zinatutia aibu.

Jambo ambalo sikulijua

Wiki iliyofuata nilipofika hapa katika maelezo yangu, kijana wa dukani hakubishana. Aliinamisha kichwa. Watu walipoondoka akabaki, akajifanya anakunja mikeka. Ndipo akanieleza.

Katika mchezo wake alikuwa amejiunga na kundi la wachezaji kumi. Kwa miezi saba walikusanya silaha, dhahabu na vitu adimu, wakaviweka katika ghala moja. Yeye wakamfanya mtunza ghala, kwa sababu alikuwa mpole, na kila usiku akiingia alianza kwa kusema Assalaam alaykum. Mhusika wake, kama nilivyosema, ni mwizi. Usiku mmoja akalikomba ghala lote na kujitoa kwenye kundi. Vitu vingine akamuuzia mchezaji mwingine kwa shilingi elfu sitini za kweli, zikaingia katika simu yake.

"Sheria za mchezo zinaruhusu, Ustadh," akaniambia. "Hakuna aliyenifungia akaunti."

Nikamuuliza: "Basi kinachokusumbua ni nini?"

Akanyamaza kidogo. Akasema miongoni mwa wale kumi alikuwepo mtoto wa miaka kama kumi na mitatu, Mswahili wa Maskati, familia yao ina asili ya Unguja. Kabla hajajitoa alimsikia katika hedifoni, sauti inatetemeka: "Mbona umetufanyia hivi, kaka? Si wewe ulokuwa ukitutolea salamu kila siku?"

Ndugu msomaji, nikafahamu kwamba yule kijana hakuanzisha ubishi siku ile kwa sababu ya kazi ya mwenzake. Alikuwa anatafuta dhambi ya mtu mwingine iliyo kubwa kuliko yake, apate usingizi. Na ni nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo?

Salamu ni ahadi

Hoja yake kwamba sheria za mchezo zinaruhusu si ya kupuuzwa. Wapo watu wazima duniani wanaoitumia. Mwaka 2005, katika mchezo wa EVE Online wa kampuni ya CCP ya Iceland, kundi moja la wachezaji lilijipenyeza ndani ya shirika la wenzao kwa takriban mwaka mzima, likajenga uaminifu mpaka kwa kiongozi wake, kisha siku moja likamgeuka na kupora ghala. Mali iliyochukuliwa na kuharibiwa ilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola 16,000. Kampuni haikuwaadhibu, kwa sababu mchezo ule unaruhusu hila, na kila anayeingia anatakiwa alijue hilo.

Na sisi tuna hadithi kwamba Waislamu wapo juu ya masharti yao, na nyingine kwamba vita ni hila. Wachezaji wote wakikubaliana kuwa katika mchezo huu tutavamiana na kuteguliana mitego, basi kutegua mtego si khiyana, kama ambavyo anayekupiga chenga katika mpira wa miguu hajakudanganya. Mimi sina tatizo na hilo. Lakini hadithi ile ya masharti ina sehemu ya pili, kwamba sharti halihalalishi haramu. Na hapa swali moja linatosha kuamua: ni nani aliyeaminiwa, mhusika au mtu?

Wale wachezaji hawakumwamini mwizi wa kwenye picha. Walimwamini kijana wa Kariakoo aliyewasalimia kwa ulimi wake mwenyewe, kwa neno la dini yake. Assalaam alaykum hakuiandika mtunzi wa gemu. Haikuwa neno la mhusika. Maana yake ni: amani iwe juu yenu, mmesalimika na shari yangu.

Someni Suratun Nisaa, aya ya 94. Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba mtu mmoja mwenye kondoo wachache alikutana na kikosi cha Waislamu, akawatolea salamu. Wakamuua na kuchukua kondoo wake. Aya ikashuka kuwakemea waumini wasimkanushe anayewatolea salamu kwa kutamani mali ya dunia hii. Ilikuwa vitani, penye mapanga ya kweli, na bado salamu ilitakiwa kulinda roho na mali ya aliyeitoa. Ikiwa salamu ya mtu tusiyemjua inatufunga mikono katika vita, je, salamu tuliyoitoa sisi wenyewe kila usiku haitufungi katika mchezo? Na zile shilingi elfu sitini, je, nazo ni picha?

Hapo ndipo nilipomwambia: "Mwanangu, mwenzako akisema neno la waziri mwovu, neno ni la waziri. Wewe uliposema neno la amani, neno lilikuwa lako."

Nasaha

Kwa vijana: chezeni kwa kiasi, swala isipite, usingizi wa mzazi usivunjwe na kelele zenu. Mkumbuke kwamba katika mchezo wa intaneti adui anaweza kuwa wa picha, lakini aliye upande wa pili wa hedifoni ni mja wa Allah. Matusi mnayomtupia yanafika kwenye masikio ya kweli, na Suratu Qaf, aya ya 18, haikulitoa neno lolote nje ya hesabu, liwe limesemwa sokoni au ndani ya gemu.

Kwa wenye vipaji vya sauti: someni maandishi yote kabla ya kukubali kazi, na someni mkataba. Nchini Marekani waigizaji wa sauti za michezo waligoma tangu Julai 2024 kwa karibu mwaka mzima, kubwa wanalolihofia likiwa ni sauti zao kunakiliwa na kompyuta bila ridhaa yao. Kama wao wanajua kwamba sauti ya mtu ni sehemu ya mtu, sisi tulioambiwa kuwa ulimi utatoa ushahidi Siku ya Kiyama tuna haki zaidi ya kuuchunga.

Na kwa wazazi: msiishie kuuliza mtoto anatumia bando kiasi gani. Muulizeni anacheza na nani, na huko anajulikana kuwa mtu wa namna gani. Baba anayempunja mteja mbele ya mwanawe hana ushahidi wa kumwambia asimpunje kipofu wa kwenye simu.

Msomaji wetu amekubali kazi ile baada ya kuomba aonyeshwe maandishi yote. Kijana wa dukani alirudisha vitu vilivyokuwa bado mikononi mwake. Zile elfu sitini alikwisha kuzitumia, hivyo amekubaliana na wenzake azilipe kidogo kidogo kutoka katika ujira wake, na ameanza. Wenzake saba wamemsamehe, wawili hawajamjibu. Aliniuliza kama yule mtoto wa Maskati akiingia tena mchezoni anaweza kumtolea salamu, au ni kumtonesha kidonda.

Nikamwambia amtolee. Ila safari hii ajue anachokisema.

Wabillahi tawfiq.